Msaidizi wa Daktari wa Meno

Msaidizi wa daktari wa meno pale Likoni ana mikono midogo inayonukia mafuta ya karafuu, na kabla ya kumtia mgonjwa kioo kinywani hukipasha kwanza kiganjani, kila mara, hata foleni ikiwa imefika barazani. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Zaidi ya yote, anaelewa maneno ya mtu aliyeachama. Mwanatabu, mshonaji, alikuja kung'olewa gego, lakini lililomkosesha usingizi lilikuwa jingine, na alimsimulia msaidizi wakisubiri ganzi ishike: auze cherehani yake amlipie bintiye Jalila karo ya kusomea kazi hii hii ya usaidizi wa meno, au asiuze? Jino lilipotoka, akauliza na pamba mdomoni. "Aa-o i a-i?"

"Karo? Mimi nililipa elfu tisini kwa mwaka," msaidizi akajibu huku akimfuta kidevu.

"A a-aa-a?"

"Mshahara nilianza na elfu kumi na nane. Ukitoa nauli na chakula, miaka miwili mizima kuirudisha ile karo. Sasa napata thelathini, alhamdulillahi."

Mwanatabu akakunja uso. Msaidizi akamshika bega. "Usiuze kitu bado, mama. Mlete Jumatatu ashinde nami hapa. Akiona damu akazimia, cherehani yako imepona. Asipozimia, tutatafuta chuo kinachopokea karo kidogo kidogo."

Mwanatabu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine umekufa ganzi. "Aa a-i?"

"Saa mbili asubuhi," akasema msaidizi, "na anywe chai kwanza."