Ijumaa Waliyomkusanyikia Mwalimu Loice

Mwalimu Loice hamwamini mtu anayemwuliza ghafla kama amekula. Msalimie, atakuitikia vizuri. Mwulize habari za kazi, atakujibu. Lakini ukianza na umekula, umelala vipi, presha yako ikoje, atakukazia macho mpaka uzikumbuke dhambi zako zote. Alifundisha darasa la tatu kwao Vihiga, Kenya, miaka mingi, na mwalimu wa darasa la tatu ni mpelelezi asiye na sare. Mtoto akificha andazi mfukoni, yeye anajua kwa namna alivyokaa tu.

Tunaishi chumba kimoja hapa Doha. Mimi naitwa Riziki, mtu wa Tanga, nasafisha vyumba vya hoteli kule The Pearl. Yeye yuko katika shule moja ya chekechea, na kwenye mkataba wamemwandika yaya. Kuvalisha viatu, kufuta makamasi, basi. Jambo hilo linanichefua na huwa nalisema wazi. Mwenyewe huvaa aproni yake na kwenda.

Ualimu wake ni wa Ijumaa, siku ya mapumziko. Sebuleni kwa Saada, Mzanzibari anayekaa Al Thumama na mumewe, hukusanyika watoto wa Waswahili wenzetu waliokulia huku, wanaojua Kiswahili cha kuombea maji tu. Loice huwatolea hadithi, na kila mtoto lazima arudi Ijumaa inayofuata na hadithi aliyoichimba kwa mama au baba yake. Mwanzoni wazazi walikuwa wanashusha watoto na kuondoka. Siku hizi wanabaki. Walinzi, madereva na wapishi wanakaa chini na kugombania zamu ya kusimulia, watu wazima na ndevu zao.

Sasa wiki hiyo ninayotaka kuieleza, Saada alipiga simu. Loice alikuwa ameweka spika, nikasikia yote.

"Mwalimu, wewe una presha? Kuna chakula ulichokatazwa?"

"Ninayo kidogo. Kwani nini?"

"Hapana neno, nauliza tu."

Kesho yake akaja Benard, Mkenya mwenzake, mlinzi wa jengo la jirani. Huyu naye aliwahi kufundisha hesabu kwao Busia. "Madam," akamwambia, "nitumie picha moja poa, ile uso yako inaonekana fiti." Alipoulizwa ya nini, akasema dawamu, yaani zamu yake ya kazi, inaanza, akakimbia. Kisha Kassim, dereva wa teksi kutoka Unguja, akasema Ijumaa atatuchukua mwenyewe, bure, mpaka kwa Saada. Kassim! Mtu ambaye ukiegemea gari lake anakohoa.

Asiyeishi ugenini hataona kitu hapo. Sisi tunaona. Huku mtu akifiwa na mtu wake nyumbani, haambiwi kwa simu akiwa peke yake kazini. Ndugu humpigia rafiki, rafiki huwaita wengine, wanafungua kikundi cha WhatsApp bila wewe na kuweka picha yako juu ili watu wajue mfiwa ni nani. Wanahakikisha umekula, wanauliza presha isije ikakuangusha, kisha wanakuja wote pamoja na mkubwa wao anaanza kwa kusafisha koo. Hakuna aliyetufundisha. Tumezoea tu, kwa sababu tumelifanya mara nyingi mno.

Loice akampigia mama yake. Simu imezimwa. Akampigia mdogo wake, Job, anayeishi na mama.

"Mama amelala," Job akasema.

Jioni akapiga tena. "Mama ameenda kanisani."

"Jumanne? Kanisani kuna nini Jumanne?"

Job akasema mtandao unasumbua, hasikii vizuri. Loice akaishusha simu taratibu akaniangalia mimi, na nikajua zamu yangu ya kuhojiwa imefika.

"Riziki. Mama yangu amekufa, na wewe unajua."

"Wallahi sijui kitu."

"Unaapa haraka sana."

Kweli sikujua kitu. Walikuwa wameniacha nje ya mambo yao, kwa sababu mdomo wangu unafahamika Doha nzima, na niliumia kuachwa. Lakini kesho yake nikiwa kwenye gari la Kassim niliiona simu yake, na kikundi kile, na picha ya Loice juu yake. Kassim aliigeuza simu kifudifudi kitini. Nikajisemea, kweli mama wa watu ametutoka, na Ijumaa ndiyo siku ya kuambiwa.

Tangu hapo nikawa mwema kupita kiasi. Nikaosha vyombo vyake. Nikamwachia feni upande wake. Alhamisi nikamtengea chai, na kabla sijajizuia nikamwuliza, "Dada, umekula?"

Akakiweka kikombe chini. Chai ile ilipoa palepale.

Ijumaa akavua hereni. Akavaa gauni jeusi, akafunga leso kiunoni, akameza dawa yake ya presha mbele yangu. "Kama ni kuambiwa," akasema, "wanikute nimejiandaa." Nikaona lile fundo la leso linamfunguka, nikamfungia. Njiani Kassim hakuwasha redio. Alikuwa anatabasamu kwenye kioo, nikamchukia kwa tabasamu lile, maana nilidhani ni lile la kuazima watu wanalolivaa kabla ya msiba.

Kwa Saada viatu vilijaa mpaka nje ya mlango. Ndani makochi yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, watoto wamepangwa mstari na hawapigi kelele. Watoto wale, kimya! Loice hakungoja kukaribishwa. Akaenda akaketi mkekani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wafiwa.

"Semeni," akasema. "Nimekula. Dawa nimemeza. Ni Mama?"

Saada alikuwa ametokea jikoni na keki, akaganda nayo mlangoni. Benard akapiga magoti karibu na Loice. "Madam, ngoja. Hakuna mtu amekufa, walai. Tumekuja kukusherehekea wewe."

"Kunisherehekea mimi? Nimefanya nini?"

"Wewe ni mwalimu. Si hiyo inatosha?"

Hakuamini hata kidogo, nami sikumlaumu, kwa sababu hata mimi sikuamini. Warda, binti wa Saada, akasukumwa mbele kuanza. Akasimulia kwamba zamani bibi yake wa Unguja akipiga simu yeye alikuwa anajificha chooni, kwa kuwa alikuwa hamwelewi. Sasa bibi akichelewa kupiga yeye ndiye anayelalamika, maana hadithi imekatiwa katikati. Benard akasimama. Akasema alipofika Doha aliwaambia watu kwamba kwao alikuwa anaendesha lori, kwa aibu ya kuonekana mwalimu mzima analinda geti. "Lakini huyu Madam aliniita Mwalimu mbele ya watu, nikiwa na yunifomu ya ulinzi," akasema. "Nililia kwa basi." Watu wakacheka, naye akacheka, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Loice akawasikiliza mmoja baada ya mwingine, uso ameukaza. Mwisho akasema, "Mnanisifu kama marehemu. Ni nani tulishawahi kumkusanyikia hivi akiwa mzima?"

Sebule ile tulikuwa tumeijaza hivyo kwa ajili ya kusafirisha miili na kuwafariji wafiwa tu.

"Nataka kumsikia Mama," akasema.

Benard akarukia simu yake, amefurahi, kwa kuwa hilo ndilo alilolipanga. Job alikuwa anangoja upande wa pili. Simu ya mama alikuwa ameichukua yeye tangu mwanzoni mwa wiki, kwa sababu mama hajui kuficha siri. Benard akaunganisha na televisheni, sisi tukakaa tayari kupiga vigelegele.

Mama akatokea. Alikuwa ameketi kwenye kiti, leso kichwani, wanawake wa kanisa wamemzunguka pande zote, macho yake mekundu. Nyuma yake Job alikuwa bado anajaribu kutabasamu. Wiki nzima mama huyo alikuwa amenyang'anywa simu, akaombwa picha ya binti yake, akaambiwa avae vizuri na ajiandae kuwasimulia watu wa Doha habari za Loice tangu utotoni. Na sisi, hodari wa kamati za misiba, hatukukumbuka kwamba huko nyumbani nako kuna kamati.

Hakutusalimu. "Nionyesheni mtoto wangu," akasema. "Mmemweka wapi?"

Loice akainuka mkekani, akajikwaa kwenye leso yake mwenyewe, akaenda mpaka mbele ya simu. "Mama, ni mimi."

Mama akasogea, akamchunguza. "Hiyo ni video ya zamani. Job, usinifanyie hivyo."

"Si video, Mama. Ni mimi. Niko hapa."

"Kama ni wewe, inua mkono."

Loice akainua mkono.

"Ule mwingine pia."

Akainua na ule mwingine. Mama yake akafunika uso kwa leso na kulia kwa sauti, na wanawake wa kanisa wakalia naye. Loice akasimama hivyo, mikono yote juu, mbele ya wanafunzi wake wote, na hakuishusha mpaka mama yake alipomwambia ashushe.