Kiapo cha Mama kwa Majani ya Baridi

Watu wanadhani kiwanja cha gofu kinajiotea tu, kama magugu. Wallahi sivyo. Hapa kwetu Bidiya, ukingoni mwa jangwa, joto likisha tunayakata majani ya kiangazi mpaka udongo unaonekana, tunamwaga mbegu za majani ya baridi, na wiki mbili za mwanzo mbegu ile isikauke hata saa moja. Ikikauka, wageni wa hoteli wanakuta vumbi, na mimi msimamizi wa kiwanja nafukuzwa kazi.

Kisima cha hoteli na falaji ya kijiji chetu, ule mfereji unaonywesha mitende, vinategemea maji mamoja ya ardhini. Ndiyo maana pakawa na mapatano: pampu izimwe kila siku adhuhuri, falaji ipumue. Ufunguo nilipewa mimi, kwa kuwa ni mtoto wa pale pale. Mama yangu mwenyewe ana zamu yake ya maji, kaachiwa na marehemu baba. Tangu arudi kutoka Unguja, mitende yake ndiyo dunia yake.

Mwaka juzi joto lilikataa kuondoka. Mbegu zikaanza kufa, meneja akaniambia nifanye nijuavyo. Nikaiacha pampu ikaenda kutwa nzima, siku kumi na mbili. Iko chini kabisa kisimani, haina kelele, nani atajua? Nilijua ni dhuluma, nikaifanya. Majani yakaota, mazuri ajabu.

Falaji ikawa inachirizika tu. Siku moja baada ya alasiri, mzee anayesimamia zamu za maji akaja nyumbani na majirani wawili. Akanywa kahawa, akaniangalia, akamwambia mama, "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanao na aape hapa kuwa pampu inazimwa adhuhuri."

Kwetu mtu akishaapa kwa Mungu, maneno yamekwisha, hapana anayeuliza tena.

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia. "Ala! Mwanangu mie? Wallahi, billahi, tallahi, anaizima! Namjua, nimemzaa!" Mzee na majirani wakainamisha vichwa, wakaaga.

Nilijiambia kuwa nikisema sasa nitamwaibisha mama mbele ya watu. Uongo mtupu. Nilikuwa mwoga, basi. Niliogopa kazi, niliogopa macho ya mama, nikaenda kuizima pampu siku ya kumi na tatu, wakati mbegu hazina haja nayo tena.

Lakini maji ya ardhini hayakurudi kama zamani. Shamba la yule mzee liko mwisho wa mfereji, yeye ndiye anayefikiwa na maji baada ya wote. Kiangazi kilichofuata mitende yake ilikauka, mmoja baada ya mmoja, mpaka ukabaki uwanja wa magogo. Ya mama ilinusurika kwa shida.

Siku moja mzee akaja peke yake, kakonda. Alikataa kukaa.

"Dada yangu," akamwambia mama, "uliapa kwa Mungu, nami moyoni sikukuamini. Nikaendelea kumtuhumu mwanao. Mungu kaniadhibu, shamba langu lote limekufa. Nimekuja kuomba radhi."

Mama akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Tumekusamehe, sheikh. Mwanangu, mpe mkono."

Nikampa. Nikamwambia, "Yamekwisha, ami."