Kidonda Nyuma ya Sikio la Dada

Dada yangu mkubwa tulimwita Yaya, kama watu wa upande wa baba wanavyowaita wakubwa zao. Alizaliwa albino, na kitinda mimba wetu vilevile. Mimi wa katikati nikatoka mweusi tii kama baba na, sijui aliamua nani, nikahesabiwa kuwa ndiye mwenye akili nyumbani. Baba alivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo kwa biashara ya samaki, akaoa mjini Nchelenge, upande wa Zambia. Miaka ile ya sabini sisi wanawake ndio tuliokuwa tukikausha samaki hao. Samaki wakubwa tuliwakausha kwa moshi kibandani. Chisense, vile vidagaa vya Mweru, tulivianika mchangani.

Yaya alikuwa wa moshi. Kidonda kilipomtoka nyuma ya sikio la kushoto, sote tukasema ni cheche. Kilikauka, kikabanduka, kikarudi. Mimi ndiye niliyesema atolewe motoni. Mama alisita, maana hakuna aliyejua kugeuza samaki kama Yaya, lakini nilikuwa na mdomo siku zile, nikashinda. Tukamhamishia kwenye chisense, akawa anaanika na kugeuza toka asubuhi hadi jioni, mwaka mzima na zaidi. Nilijivunia sana.

Kidonda kilipoanza kula ukingo wa sikio na kunuka, nilimpeleka hospitali ya misheni, siku nzima juu ya lori la samaki. Daktari, mzungu wa makamo, alijaribu kukisogeza kidonda juu ya mfupa, kikagoma. Akapapasa shingo taratibu, vidole vikasimama mahali pamoja. Nesi akanivuta pembeni kunitafsiria: hii ni kansa. Ikiwa ngozini tu, inakatwa na mtu anakwenda zake. Ikishika mfupa, kazi ni ngumu. Ikifika kwenye tezi za shingo, wengi hawaponi hata wakikatwa. Ya Yaya ilikuwa imefika kwenye tezi, na mashine ya mionzi ilikuwa nchi nyingine.

Daktari akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Nikajibu kwa majigambo kwamba tulishamtoa motoni zamani, siku hizi anaanika juani. Nesi akamtafsiria daktari, akasikiliza jibu lake. Kisha akaniambia kwamba moto hauna kosa; ngozi kama ile huliwa na jua.

Walimkata sikio na tezi. Tulirudi nyumbani, akawa anafunga kitambaa na kututania kwamba sasa atasikia nusu tu ya umbea wetu. Tulipata miezi minane mizuri. Mvua zilipoanza, uvimbe ukarudi chini ya taya na mdomo wake ukaenda upande.

Muda wote huo maneno ya nesi sikumwambia mtu. Yaya nilimwambia tu akae kivulini apate nguvu. Kulitaja jua kulikuwa ni kujitaja mimi, na niliona aibu. Mdogo wetu nilimnunulia kofia pana, nikasema ni ya urembo. Akawa anaivaa kanisani tu, mchangani akianika kichwa wazi.

Siku moja, saa sita mchana, nilikuwa namwosha Yaya shingo, akanishika mkono.

"Mulinitoa ku moshi, asanti sana," akasema, kwa shida. "Sasa mudogo naye asifike kule hata siku moya. Aikale tu na chisense."

Nililia. Nikamweleza yote: jua, nesi, na kwamba ni mimi niliyempeleka mchangani. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningefurahi. Alinitazama, jicho moja likipepesa, lingine likiwa wazi tu kwa ule ugonjwa.

"Mudogo iko wapi?" akauliza.

"Ku muchanga. Anaanika."

"Na weye unaikala hapa kwa nini?"

Nikaliacha beseni palepale, nikatoka mbio.