Neno Lililomgusa Mama

Juzi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu hapa Kibaha. Injili iliposomwa, kila mmoja alitaja neno lililomgusa, akarudi kwenye simu yake. Nilichoka, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, jumuiya iliposali kwetu Masaki, Kisarawe.

Sebule ilinukia mkeka mpya na mihogo iliyokuwa ikichemka jikoni. Injili ilikuwa ile ya kupatana na mwenzako kabla ya kutoa sadaka. Mama alisema kwa upole, "Mimi limenigusa hilo la kupatana."

Nilidhani neno likikugusa unalitekeleza palepale. Mama hakuwa akisemeshana na jirani yetu, Mama Zuhura, tangu kuku wake wachakure tuta letu la mchicha. Nikatoka mbio kumwita.

Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni. "Hodi. Mtoto kaniambia unataka tupatane."

Wanajumuiya wote waliinamia rozari zao.

"Tupo kwenye sala," Mama alimjibu.

Mama Zuhura alisubiri kidogo, akaondoka. Jioni Mama alinifinya sikio. "Neno likikugusa, unakaa nalo moyoni. Hukimbii nalo kwa watu."

Juzi nasi tulikaa nalo, tukanywa chai, tukaagana.