Kipindi cha "Go Out"

Shemeji yangu alikuwa anafundisha Kiingereza kwa miguu. Wenzake waliandika ubaoni, watoto wakanakili, kila mtu akarudi kwao salama. Yeye akifika kwenye "go out", basi jamani, jiandae. Maana ya kwanza, kutoka chumbani: darasa zima linatoka. Ya pili, moto kuzimika: anawasha mshumaa na kuusubiri uzimike. Ya tatu, ya wapenzi kutoka pamoja, aliipita haraka huku akitazama dirishani. Na katika kipindi chake hakuna aliyeruhusiwa kutii amri ya Kiswahili.

Mimi ni karani wa shule hiyohiyo, na mkewe ni dada yangu wa damu, kwa hiyo nilijua uzito wa ujio wa mkaguzi. Miaka kumi na moja shemeji alikuwa mwalimu wa muda. Mkaguzi akiridhika, anaajiriwa rasmi; asiporidhika, afunge virago. Dada alimpigia shati pasi mara mbili.

Nilimsindikiza mkaguzi mpaka darasani. Shemeji alitukaribisha, akawageukia watoto: "Go out!" Wote arobaini na mmoja wakatoka kimya, wakapanga mstari kibarazani.

Mkaguzi alitazama madawati matupu. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya wanaochelewa, wanaosinzia, hata wasiochana nywele. Ya darasa lisilo na mtu haikuwepo.

"Wanafunzi wako wapi, Mwalimu?"

"Wanajifunza, mheshimiwa."

Mkaguzi akaenda mlangoni mwenyewe. "Haya, ingieni!" Hakuna aliyejongea. "Nimesema ingieni!" Wakamtazama kwa huruma. Jasho likamtoka, akajikohoza, akajaribu Kiingereza, nacho kikamgomea: "You... enter... to inside!"

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Hapo tunasema 'come in'."

Nilimkonyeza shemeji anyamaze. Kunyamaza tu, hata kama kuna moto! Lakini uso ulimng'aa, akaanza kumpigia mtoto makofi, peke yake, kwa nguvu zote. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Barua ilifika baada ya wiki mbili, nikaipeleka nyumbani kwao mwenyewe. Dada aliisoma akiwa amesimama: wanafunzi hawana adabu, mwalimu anawashangilia, mkataba umekwisha. Akaikunja taratibu.

"Yaani mikono yako ilikushinda kuizuia?"

Shemeji alikuwa amejiinamia. "Mke wangu, mtoto alikuwa amepatia."