Tindo za Watu Wawili

Saa saba mchana jua linawaka nje, lakini Mama Tindo amefunga mlango na kutundika magunia dirishani. Rangi ya chuma cha moto haisomeki juani. Ameinamia makaa, koleo mkononi, akisubiri wekundu ufike anapoutaka.

"Majirani wanadhani nafuga majini humu," anasema, akicheka kidogo. Kisha anapeleka koleo motoni, maana rangi imefika.

Anachomoa tindo, anageuka, anaizamisha kwenye pipa la oili chafu. Moshi unapanda. Anatega sikio asikie kama imepasuka. Kimya.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane huwatengenezea wachonga mawe tindo kutokana na springi kuukuu za malori. Ugumu wa chuma, anaeleza, unatokana na kasi ya kupoa.

"Ukikiacha kipoe taratibu kwenye majivu, chembe zake za ndani zinajinenepea, kinakuwa laini, hakichongi kitu. Ukikitia kwenye maji, kinashtuka kinapasuka. Hiki kinataka oili, na kinataka haraka."

Haraka hiyo ndiyo inayomshinda. Zamani mumewe alishika koleo, yeye akasoma rangi. "Nikisema 'sasa', mwenzangu ameshazamisha." Mume alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku hizi mama hufanya yote mawili, na bega linamuuma. Akichelewa kidogo tu, chuma hupoa hewani, na ncha ya tindo hupinda kwenye jiwe la kwanza. Walikuwa wakitoa ishirini kwa siku. Leo akifikisha nane anashukuru.

Ili kufupisha mwendo amelisogeza pipa karibu na moto, pale pale alipokuwa akisimama marehemu.

"Siku niliyolisogeza kazi ilienda vizuri, na nililia," anasema. "Mpaka leo kuna wakati nasema 'sasa' kwa sauti. Halafu nakumbuka ni mimi mwenyewe wa kuitika."

Kidole kimoja hakivunji chawa, na binti yake analijua hilo. Amempa hadi mwisho wa mwezi: apate msaidizi, la sivyo afunge karakana akaishi kwake.

"Kwake kuzuri, sikatai. Lakini asubuhi wote wanatoka. Nitaongea na televisheni?"

Amewatuma wachonga mawe wamtafutie mtu. Wawili walikuja, wakaona giza na moshi, wakaaga. Mwanzoni alitaka kijana mwenye nguvu. Baadaye akasema hata mzee, mradi awe amewahi kushika koleo.

Na wiki hii?

"Awe mtu tu," anasema, akifuta masizi usoni. "Chuma nitamfundisha."