Sauti ya shimo la Macalder ilivyonipeleka kusomea biashara nikiwa injinia

Wakuu, habari za huku. Hii nimeikalia muda mrefu. Nitaiweka vile ilivyotokea, kila mtu aamue mwenyewe.

Mimi ni injinia wa migodi. Nilikuwa nimeajiriwa na mwekezaji mmoja kule Macalder, kazi yangu kukagua mashimo ya dhahabu kabla watu hawajashuka.

Siku hiyo ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa mdomoni mwa shimo na Odhiambo, jamaa wa winchi ya kushusha wachimbaji. Chini hakukuwa na mtu. Wote walikuwa juu wanakula, tunawaona.

Sauti ikatoka chini.

"Odhiambo."

Pole pole, kama mtu anayemjua.

Akafungua mdomo kujibu. Nikamshika mkono. "Usiitike."

Sijui neno hilo lilinitoka wapi. Kwetu Rusinga mtoto hukanywa kuitikia sauti ambayo haoni mwenyewe wake, lakini nilidhani chuo kilishanitoa huko.

Mtasema ni mwangwi. Sawa, lakini mwangwi wa nani? Hakuna aliyekuwa ametaja jina lake.

Nikamulika tochi. Magogo ya kushikilia kuta yalikuwa yamepinda, na udongo unadondoka. Hiyo sasa ni uinjinia, si mizimu. Nikaenda kumwambia bosi shimo lifungwe.

"Ya mawe ni yako," akasema. "Kufunga ama kufungua ni biashara. Wewe umesomea biashara?"



Akaamuru watu washuke. Wakakataa, maana Odhiambo alikuwa ameshawaambia. Alizima winchi akaikalia.

Bosi akiwa bado anafoka, shimo likaporomoka. Halikupiga kelele. Ardhi ilishuka tu, kama mtu anayeketi. Vumbi lilipotulia tukatazamana, tuko wote.

Bosi akanigeukia. "Tunaweza chimba lingine wapi hapa karibu?"

Hapo ndipo nilipoamua kuisomea hiyo biashara.

Mke wangu aliuliza kama nimechoka akili, kurudi darasani na miaka arobaini na watoto wanasoma. Mama yangu ndiye alisema, "Nyathina, mwanangu, nenda. Kazi ya kule chini inaita watu kabla ya siku zao."

Odhiambo naye anaendesha boda Rongo. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Anangoja uje mbele aone uso.

Nikaanza MBA ya wikendi Homa Bay. Accounting ilinitesa, sitadanganya. Lakini saa hii kuna kikundi cha wachimbaji kule Osiri kimenipa kazi ya umeneja, na juzi nilifunga shimo moja kwa neno langu mwenyewe. Walinuna kweli kweli. Jioni wakaenda nyumbani kwa miguu yao.

Nilichojifunza: kujua hatari peke yake hakutoshi kama anayeamua ni mwingine. Nenda ukakalie hicho kiti.

Wale mlirudi shule mkiwa watu wazima, ilikuwaje? Na aliyewahi kuitwa na kitu asichokiona, aliitika?